Yule bosi wa "seva yangu haizimwi" kanidhalilisha leo mbele ya idara nzima

Kijana_wa_Seva:
Wakuu, naandika nikiwa na hasira, makosa ya herufi mnivumilie. Huyo mtu mnamjua. Kila ofisi anaye: anatembea na funguo za chumba cha seva kiunoni hadi msalani, na hakuna anayegusa kitu bila baraka zake.

Leo kikaoni nikasema kwa adabu zote: bosi, tuombe nusu saa usiku turistati ile seva ya Linux, viraka vya usalama vya kerneli (kiini cha mfumo huo wa Linux) vimeshashuka ila havifanyi kazi mpaka mashine iwake upya. Sijamaliza hata sentensi. Akachomoa waya wa projekta kwenye laptop yangu, akachomeka kwenye yake, akaandika uptime, amri ya kuonyesha mashine imewaka muda gani. Miaka miwili na ushee bila kuzimwa. Kisha akageukia watu: "Huyu kijana anataka kuzima kitu kizima ili aonekane anafanya kazi."

WATU WAKAPIGA MAKOFI. Mhasibu kapiga makofi! Mhasibu ambaye akiona skrini nyeusi anauliza kama umeme umekatika.

Jamani, miaka miwili bila ristati maana yake kerneli inayokimbia ni ile ile ya kale. Andika uname -r utaiona. Mpya imelala pale kwenye folda ya /boot inasubiri kuitwa. Na kuna ule mwanya wa nf_tables (sehemu ya kerneli inayochuja mtandao), namba yake CVE-2024-1086, umekaa ndani tangu toleo 3.15 la mwaka 2014: mtumiaji wa kawaida kabisa anajipandisha anakuwa root, mwenye mamlaka yote ya mashine. Ulizibwa Januari 2024, Machi mtu akamwaga hadharani programu ya kuutumia, na mwishoni mwa Mei CISA, shirika la usalama wa mtandao la serikali ya Marekani, ikauweka kwenye orodha ya mianya ambayo wadukuzi wanaitumia kweli. Sisi? Tunapiga makofi.

Kachomoa waya MKONONI MWANGU wakuu.

Nyani_Mzee:
Juu waya ulikuwa kwenye laptop, chini uko mkononi. Tuamini lipi?

Kijana_wa_Seva:
Mkono ulikuwa juu ya laptop! Usinitibue.

Mama_Rauta:
Pole mdogo wangu. Ila huo mwanya ni wa ndani, lazima mtu awe na akaunti kwenye mashine kwanza. Bosi wako si mjinga kihivyo.

Kijana_wa_Seva:
Dada, kwenye seva hiyo hiyo kuna tovuti ya PHP ya enzi za mababu, na akaunti za vijana wa field walioondoka zamani. Mtu akiingia kupitia ile tovuti anakuwa www-data, akaunti ya tovuti tu, hana nguvu yoyote. Ngazi ya kupanda hadi root ndiyo hiyo tumemwekea, na makofi juu.

Fundi_Kimya:
Mimi namuunga mkono bosi. Julai 19, 2024 mmesahau? Apdeti moja ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, kompyuta za Windows milioni 8.5 zikawa skrini za bluu, ndege zikalala viwanjani. Anayepachi ndiye anayelia.

Mama_Rauta:
Lile lilikuwa faili la data lililosomwa na programu yao ya ulinzi inayokaa ndani ya kerneli. Halikuwa kiraka cha kerneli. Tofautisha.

Fundi_Kimya:
Skrini ilikuwa ya bluu au haikuwa?

Bwashee_255:
Nimecheka kwa mhasibu 😂😂 Kwani mkuu, huyo mhasibu alipiga makofi mangapi?

Kijana_wa_Seva:
Alianza yeye!! Wengine wakafuata.

Pwani_Networks:
Bora wewe una mtu wa kumwomba. Simu yangu niliyonunua mpya dukani, kiraka cha mwisho cha usalama kilikuja kitambo, tangu hapo kimya. Google wanatoa taarifa ya usalama ya Android, waliotengeneza simu wamenuna. Nani nimpelekee kikao?

Nyani_Mzee:
Uza, nunua nyingine.

Pwani_Networks:
Kwa hela ya nani mzee?

Mzee_wa_Jenereta:
Nyie mnahangaika na kuomba ruhusa? Kwetu umeme ukikatika ndiyo ristati. Kerneli inaingia yenyewe, hakuna kikao, hakuna projekta. Juzi tumepachi mara mbili kwa siku.

Bwashee_255:
😂😂😂 Huyu apewe cheo.

Mama_Rauta:
Na diski zikiharibika kwa kuzimika ghafla?

Mzee_wa_Jenereta:
Hiyo ni idara nyingine dada. Kilio changu mimi ni jenereta. Dizeli inajazwa Ijumaa, Jumatatu tangi kavu, na wikendi nzima umeme haukukatika hata dakika. Mlinzi anasema inakauka kwa jua.

Fundi_Kimya:
Dizeli haikauki kwa jua.

Mzee_wa_Jenereta:
Kamwambie yeye. Nilivyouliza akanijibu "we ni wa kompyuta, mafuta unayajulia wapi?" Mbele ya mpishi!

Pwani_Networks:
Kwetu mlinzi ana bodaboda ya petroli, angalau tuna uhakika dizeli hagusi.

Kijana_wa_Seva:
Wakuu uzi ni wa kerneli.

Bwashee_255:
Mkuu subiri kidogo. Mzee wa Jenereta, tangi lenu lina kufuli?

Mzee_wa_Jenereta:
Linalo. Ufunguo anao mlinzi.