Implanti ya jino: panorama inatosha au nipige skani ya 3D?

Pengo_Moja: Wakuu habari zenu. Nataka kuweka implanti, ile skrubu ya jino bandia inayochimbiwa kwenye mfupa wa taya, na panorama, ile eksirei ya taya zima, ninayo tayari. Daktari wa kwanza kasema inatosha tuanze, wa pili kasema hagusi drili bila skani ya 3D, ile CBCT. Nimsikilize nani? Naamua wiki hii.

Kasuku77: Jino gani? La juu au la chini? Liling'oka lini? Unatuuliza uzito wa mbuzi aliye ndani ya gunia.

Bi_Mdogo: Panorama tu mwaya. Dada yangu kawekewa la mbele kwa panorama na mahindi anatafuna. Hizo 3D mionzi kibao bure.

Chumba_cha_Giza: Mimi ndo napiga hizo picha kazini. Panorama ni kivuli, taya limepinda kama kwato halafu linanyooshwa liwe bapa, vitu vinakuzwa kama asilimia 25 hivi na si sawa kila mahali. Unene wa mfupa kutoka shavuni kwenda ulimini huuoni KABISA. CBCT unakata vipande kama mkate unapima kwa milimita. Mionzi ni kweli inazidi ya panorama, ila kwa kawaida haifiki ya CT ya hospitali, na akipiga eneo dogo tu inapungua zaidi.

Mdomo_Ganzi: Ngoja niwaambie yangu. Gego la chini kushoto, panorama tu. Jioni ganzi ya sindano ikaisha kote isipokuwa nusu ya mdomo wa chini na kidevu. Nakunywa chai inatiririka sina habari mpaka mwanangu ananiambia baba unamwagika, kunyoa nimejikata nikajua nilipoona damu kwenye taulo. Nikarudi siku ya tatu naambiwa subiri itaachia. Nikaenda kwingine wakapiga 3D, ncha ya implanti imo ndani ya mfereji wa mshipa wa fahamu. Ikatolewa, ila mambo haya yanatakiwa yawahiwe ndani ya siku moja au mbili hivi, mimi nilishachelewa. Mwaka wa pili huu kidevuni kama sisimizi wanatembea.

Bi_Mdogo: Pole sana kaka, ila huyo hakujua kupima. Inatakiwa abakize milimita 2 juu ya mfereji, hata 3D isingemsaidia.

Mdomo_Ganzi: Atabakizaje 2 kwenye picha inayodanganya urefu?

Drili_Taratibu: Mimi nilifanyiwa kwa gaidi, msicheke ndo jina lake, kile kibao kinachapishwa kutokana na skani kina tundu la kupitishia drili. Ila nyuma kabisa kama hufungui mdomo sana drili haiingii.

Kasuku77: Gaidi mdomoni 😂😂 mimi nabaki na pengo langu.

Chumba_cha_Giza: Na siku ya skani tulieni jamani, mtu akimeza mate tu picha ina ukungu. Kofia za chuma za kwenye meno nazo zinaleta michirizi.

Pengo_Moja: Samahani nilikuwa kazini. Ni gego la chini kulia, liling'olewa miaka 6 iliyopita.

Chumba_cha_Giza: Miaka 6?? Mfupa hapo utakuwa umeshaliwa, hasa upande wa shavu. Na chini ndo kwenye huo mshipa. Piga 3D.

Bi_Mdogo: Sawa, hilo nakubali. Ungesema mwanzo.

Pengo_Moja: Halafu nina sukari, sijui kama inahusu.

Kasuku77: Ala! Inahusu sana. Umepima lini, ya kidole au ile ya miezi mitatu?

Pengo_Moja: Ya kidole. Kuna nyingine?