Levin AE111: kava limeandikwa 20 Valve, mkanda wa 4A-GE haufiki. Hii ni injini gani?

Mweusi wa Kimara

Wakuu heshima kwenu. Nina Toyota Levin AE111 ya mwaka 1998, milango miwili, nyeusi, giaboksi ya mkono ya gia sita. Nimeinunua mwezi wa pili kwa mtu, haikuwa na kumbukumbu yoyote ya sevisi, nikasema nianze na mkanda wa taimingi kabla haujanikatikia Chalinze usiku.

Kadi ya gari inasema injini ni 4A, cc 1587. Nikifungua boneti naona kava jeusi lenye maandishi ya 20 Valve. Kibati cha Toyota kule ndani ya boneti nacho kinasema 4A-GE. Kwa hiyo fundi akaagiza mkanda wa 4A-GE ya 20V (valvu 20), ukaja, kuufunga haufiki. Mfupi. Tukadhani duka limekosea, wakaleta mwingine wa kampuni tofauti, na wenyewe mfupi vilevile. Mkanda wa zamani niliotoa unaonekana mrefu kwa macho tu, huhitaji hata kupima.

Fundi sasa ananiambia injini ilishabadilishwa, lakini hajui waliweka nini. Muuzaji simu hapokei, na sishangai.

Gari inavuta vizuri tena chini chini, kuliko nilivyotarajia. Kitu kingine sijui kama kinahusiana: plagi nilipozitoa zilikuwa nyeupe kama chaki. Gari iko juu ya mawe siku ya nne, mke ameanza kuuliza maswali. Nisaidieni niitambue kabla sijaagiza kitu kingine cha hovyo.

Kijana wa Spea

Pole mkuu. Hapo umepigwa na kitu kizito. Hiyo ni 4A-FE ya kawaida wamefunika kava la 20V juu yake. Watu wanafanya sana hivyo ili wapandishe bei.

Mama Trueno

Kijana wa Spea, umewahi kuziona hizo injini mbili zikiwa wazi? Kava la 20V haliwezi kukaa juu ya FE hata ukilipiga nyundo. Kwenye FE kemshafti mbili, zile shafti za kufungua valvu, zimebanana, mkanda unazungusha puli moja tu, na kemshafti ya pili inazungushwa na ya kwanza kwa meno ya gia humo ndani. Kwenye GE kemshafti zimeachana, na mkanda unapita kwenye puli mbili, kila kemshafti na yake.

Mweusi, jibu hili tu: ulipofungua kava la taimingi uliona puli ngapi kule juu? Na njia ya hewa, kuna milango minne, kila silinda na wake, au kuna mmoja mkubwa?

Mweusi wa Kimara

Puli mbili juu dada. Na milango ya hewa ni minne, imepangwa mstari kama firimbi.

Mama Trueno

Basi kichwa, yaani sehemu ya juu yenye valvu, ni 20V halali, hilo tulifunge. Linalobaki ni kichwa cha toleo lipi na kimekaa juu ya nini.

Kuna 20V za aina mbili. Ya kava la fedha ilikuja na AE101 kuanzia 1991, nguvu farasi 160. Ya kava jeusi ilikuja na AE111 kuanzia 1995, farasi 165 kwenye mizunguko 7800. Rangi ya kava isikudanganye maana kopo la rangi linauzwa kila duka. Angalia bomba la hewa linalotoka kwenye chujio. Ya fedha ina kile kiboksi cha kupima hewa chenye kikope ndani. Nyeusi haina, yenyewe inatumia sensa ya mgandamizo wa hewa.

Mweusi wa Kimara

Hakuna kiboksi. Bomba ni tupu kutoka kwenye chujio mpaka kwenye injini.

Dereva wa Makumira

Sasa kama kichwa ni cha nyeusi na kadi inasema 4A, tatizo liko wapi? Namba ya injini si ianze na 4A? Isome hapo kwenye bloku, ule mwili wa chini wenye silinda, uilinganishe na kadi, mambo yaishe.

Mzee wa Chumbageni

Wanangu, nimekuwa fundi wa Toyota tangu Corolla za mkanda wa feni kulia kama paka. Ngojeni niseme jambo moja linalowapotosha wengi.

Namba ya injini ya Toyota hugongwa kwenye bloku, na bloku haijui imefunikwa na kichwa gani. Namba ikianza na 4A inaweza kuwa FE ya kawaida, inaweza kuwa GE ya michezo. Herufi zile za mwisho huzikuti zimegongwa. Kwa hiyo kadi kusema 4A haithibitishi kwamba ni ya michezo, na kava kusema 20 Valve hakuthibitishi kwamba chini ni 4A. Na kibati cha kwenye boneti kinaeleza gari lilizaliwaje kiwandani. Hakielezi limefanyiwa nini Ilala.

Mkanda kuwa mfupi ndio ushahidi wako mkubwa. Mkanda unarefuka pale tu umbali kutoka krankshafti, shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, mpaka kemshafti unaporefuka, yaani bloku ni ndefu zaidi kwenda juu. Katika ukoo huo wa A bloku ndefu ninayoijua ni 7A, ile ya cc 1762. Utaikuta kwenye Premio AT211 na Caldina AT191. Kipenyo cha silinda ni kilekile cha 4A, milimita 81, kwa hiyo kichwa kinakaa. Kilichobadilika ni mwendo wa pistoni: 4A ni milimita 77, 7A ni 85.5.

Mdogo wangu, chukua brashi ya waya na petroli, safisha bloku pale inapokutana na giaboksi. Namba iko huko kwenye sehemu iliyosawazishwa. Usikwangue kwa patasi ukaiharibu, utapata kesi nyingine.

Kijana wa Spea

Mzee nimekubali, nimejifunza. Lakini nani atoe kichwa cha 20V akiweke juu ya injini ya Premio? Si kazi bure?

Westlands Garage Boy

Si kazi bure bosi. Hapa Nairobi wako wengi wameitengeneza makusudi, wanaiita 7A-GE. Blacktop, hiyo ya kava jeusi, bottom yake (bloku na vya ndani yake) ikishikana kwa kukosa oil, kupata bottom nyingine ya 20V ni shida na bei iko juu. Ya Premio unaipata Kirinyaga Road siku hiyo hiyo. Unatoa kichwa chako kizuri, unaweka juu, unapata cc zaidi. Ndio maana inavuta chini.

Swali ni kama makanika alifanya kazi safi. Pistoni za 7A-FE hazikukatiwa nafasi ya valvu tano kwa silinda. Kama waliacha za FE ndani, omba Mungu.

Mweusi wa Kimara

Jamani. Namba imeonekana. Nimetumia nusu saa na mswaki wa zamani wa mtoto. Inaanza na 7A.

Mzee wa Chumbageni shikamoo mara mbili. Lakini sasa nimeogopa zaidi. Nitajuaje pistoni ni za aina gani bila kuvunja injini? Na isije ikawa namba imegongwa upya na mtu.

Mzee wa Chumbageni

Marahaba mwanangu. Hofu ya kugongwa upya iondoe kwa kupima. Toa plagi zote, chukua kijiti chembamba kirefu, mti au plastiki, usitumie chuma kisije kikakwama au kukwaruza. Kiingize silinda ya kwanza mpaka kiguse pistoni, mwenzako azungushe krankshafti kwa spana taratibu, kwa upande wake wa kawaida. Weka alama pistoni ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa. Ukipata karibu 77, ni 4A. Ukipata karibu 85, hakuna mjadala.

Lakini angalia! Usizungushe krankshafti wakati mkanda haupo. Kwenye 7A-FE mkanda ukikatika gari linazima tu, unavutwa, unaweka mwingine, maisha yanaendelea. Kichwa cha 20V si hivyo, valvu zinaweza kukutana na pistoni. Rudisha mkanda wa zamani kwenye alama zake kwanza, ndipo upime.

Pistoni utazichungulia kwa kamera ndogo ya waya, siku hizi vijana wanazo za kuchomeka kwenye simu. Ukiona juu ya pistoni kumechimbwa vijisahani vya valvu, tatu upande mmoja na mbili upande mwingine, hizo ni za 20V. Ukiona bakuli tu, ni za FE. Halafu pima kompresheni silinda zote nne, zifanane.

Mama Trueno

Na zile plagi nyeupe sasa zina maelezo. Kontrol boksi yake, ile kompyuta ya injini, inakadiria hewa kwa kusoma mgandamizo, na hesabu zake ziliandikwa kwa cc 1587. Haijui kwamba chini kuna 1762. Hewa inaingia zaidi kwa karibu asilimia 11, petroli inatoka ileile. Ukiendesha polepole sensa ya ekzosi inasahihisha, ukikanyaga mafuta yote hairekebishi, inachoma kavu. Ungekuwa na ile ya kiboksi cha kupima hewa tatizo lingekuwa dogo. Usiikimbize mpaka mtu mwenye kujua aongeze mafuta. Mapenzi ya mizunguko 8000 yaweke pembeni kwa sasa, shafti za chini za FE hazikutengenezwa kwa ngoma hiyo.

Dereva wa Makumira

Mimi nasema uza.

Mama Trueno

Auze kwa kadi ipi? Kadi inasema 4A na bloku inasema 7A. Mnunuzi makini akifungua boneti na brashi yake, Mweusi ndiye atakuwa yule asiyepokea simu.

Westlands Garage Boy

Huku kwetu Kenya ukibadilisha injini unapeleka logbook (kadi ya gari) NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, irekebishwe. Huko najua ni TRA. Ila utahitaji risiti ya ile injini, kuonyesha haikutoka kwa gari la wizi.

Mweusi wa Kimara

Nimerudi. Pistoni ilitembea milimita 85 na kidogo, nilipima mara tatu. Kamera nimeazima kwa jirani anayefunga dishi: kuna vijisahani vya valvu, tatu na mbili, wazi kabisa. Kompresheni zimekaribiana zote nne. Kwa hiyo aliyeijenga alikuwa anajua kazi, kasoro yake ni kutoacha hata kikaratasi.

Muuzaji nimempata kupitia dalali. Amekubali injini ilikufa 2019 akanunua bloku ya Premio. Risiti anasema "ataitafuta".

Swali la mwisho wazee wangu: naagizaje vitu sasa? Nikienda dukani nisemeje?

Mzee wa Chumbageni

Usitaje gari. Gasketi ya kichwa, plagi, sili za valvu, vitu vyote vya juu, sema 20V kava jeusi. Beringi za krankshafti na vya kwenye bloku, sema 7A. Ringi zifuate pistoni, kwa hiyo 20V.

Mkanda haufuati upande wowote. Hesabu meno ya ule wa zamani, hesabu tena kesho asubuhi ukiwa umelala vizuri, pima na upana wake, kisha nenda nao mkononi. Muuza duka akikuuliza ni wa gari gani, mwambie wewe unataka meno tu.

Mweusi wa Kimara

Nimepata! Duka la tatu, Gerezani, mkanda umelingana jino kwa jino. Fundi anafunga sasa hivi.

Kijana wa Spea, ile mikanda miwili mifupi bado ninayo kwenye makasha yake. Kama una mteja wa 4A-GE ya kweli, njoo PM.