Shahada ya hisabati tumizi au uhandisi: naomba ushauri kabla ya kutuma maombi

Muulizaji (Mwanza)

Heshima kwenu wanajamvi. Nimemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na somo nililofaulu vizuri kuliko yote ni hisabati. Nyumbani wanatarajia niombe uhandisi wa umeme, lakini kila nikifungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) najikuta nimerudi kwenye shahada za hisabati, hasa zile zenye mwelekeo wa matumizi. Mzee wangu ameniuliza swali ambalo nimeshindwa kumjibu: mtu aliyesoma hisabati bila kusomea ualimu huajiriwa kama nani? Nami nina langu la kuongezea. Ninachokipenda ni kukokotoa integrali na kutatua maswali ya mitihani iliyopita. Je, hicho ndicho ninachokwenda kukisoma huko?

Mhadhiri wa hisabati (Dar es Salaam)

Kijana wangu, nianze na swali lako mwenyewe, kwa sababu ndilo linalowayumbisha wanafunzi wengi mwaka wa kwanza. Kukokotoa utakukuta, lakini ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi yenyewe ni kulichukua jambo la duniani ambalo halijaandikwa kama swali la mtihani, kuamua lipi ndani yake lihesabiwe na lipi liachwe, kisha kuandika milinganyo na kuipima dhidi ya ukweli.

Chukua malaria, ambayo sote tunaijua. Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa utafiti wake kuhusu ugonjwa huo, aliandika milinganyo ya uambukizaji ili kuonyesha kwamba malaria inaweza kutoweka mahali hata kama mbu hawajaisha wote. Katika miaka ya 1950 George Macdonald akaiendeleza kazi hiyo. Hoja yake unaweza kuihakiki kwa kikokotoo chako. Vimelea vikishaingia ndani ya mbu huhitaji siku 10 hivi, mara nyingi zaidi, ndipo mbu huyo aweze kumwambukiza mtu. Ikiwa uwezekano wa mbu kuishi hadi kesho ni 0.9, basi uwezekano wa kuishi siku 10 ni 0.9 kwa kipeo cha 10, yaani karibu 0.35. Ukishusha uwezekano huo wa kila siku hadi 0.8 tu, jibu huporomoka hadi karibu 0.11. Kwa maneno mengine, katika kila mbu 100 walionyonya damu yenye vimelea, wanaofikia umri wa kuambukiza hupungua kutoka 35 hadi 11. Ukiua nusu ya viluwiluwi unapunguza mbu kwa nusu. Ukifupisha maisha ya mbu mkubwa unapunguza maambukizi kwa zaidi ya theluthi mbili. Hoja hiyo ndiyo iliyoupa nguvu mkakati wa kupulizia dawa kwenye kuta za ndani, ambako mbu hupumzika baada ya kunyonya damu.

Hapo hakuna hata integrali moja. Ugumu wake ulikuwa kutambua kwamba umri wa mbu una uzito kuliko idadi yao. Kama kuwaza kwa namna hiyo kunakuvutia, shahada hii itakufaa. Kama raha yako iko katika kupata jibu linalolingana na la mwisho wa kitabu, jipe muda wa kutafakari zaidi.

Mchambuzi katika kampuni ya bima (Nairobi)

Naomba nimjibu mzee. Ni kweli kwamba tangazo la kazi lenye maneno "anatakiwa mwanahisabati" ni adimu sana, na mtu asikudanganye juu ya hilo. Wahitimu tunaajiriwa kwa majina mengine: wachambuzi wa data, wachambuzi wa hatari za mikopo benki, watakwimu, watayarishaji wa programu, wasaidizi wa utafiti katika taasisi za afya. Kwenye bima, mhitimu wa hisabati anaweza kufanya mitihani ya kitaaluma ya takwimu bima, yaani fani ya kukokotoa hatari na gharama za bima, kama ile ya Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza, hata kama shahada yake haikuitwa takwimu bima. Ni mitihani migumu, huchukua miaka, na ada yake si ndogo. Mlieleze hilo mapema nyumbani.

Kilichonipatia kazi mimi ni uwezekano, takwimu na kuandika programu. Wenzangu waliokwepa kompyuta kwa hoja kwamba wao ni watu wa kalamu na karatasi walikuwa hodari darasani kuliko mimi, lakini walichelewa kupata nafasi. Ninasikitika kila ninapolikumbuka hilo, maana walikuwa na akili ya kazi hii na hakuna aliyewaambia mapema. Anza kujifunza Python, lugha ya kuandika programu, sasa, usisubiri chuo kikufundishe.

Mhandisi wa umeme (Dodoma)

Naheshimu yaliyosemwa, ila kuna mlango ambao haujatajwa. Shahada ya hisabati haitakuwezesha kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na bila usajili huo huwezi kufanya kazi kama mhandisi kisheria. Ukigundua baada ya miaka mitatu kwamba ulitaka kusimamia mitambo na njia za umeme, utalazimika kuanza shahada nyingine. Mtu wa uhandisi anayependa hisabati hana kizuizi cha aina hiyo: anaweza kuhamia kwenye uchambuzi wa data, au kusoma uzamili wenye hisabati nyingi. Kwa sababu hiyo, kama moyo wako umegawanyika nusu kwa nusu, mimi ningekushauri uhandisi.

Mwanafunzi wa uzamili (Arusha)

Hoja ya mhandisi ni ya kweli, lakini muulizaji hajasema moyo wake umegawanyika. Amesema macho yake yanarudi mahali pamoja.

Ninachotaka kuongeza ni kuhusu masomo ya nadharia, yale ya kuthibitisha, ambayo wanafunzi wa matumizi huyaona kama adhabu. Fikiria kiasi kinachopungua kwa kasi ya mara 50 ya ukubwa wake, na kinachoanza na 1. Ukikikokotoa kwa mbinu ya Euler, ile ya kukadiria badiliko hatua kwa hatua, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote, kwa hatua za 0.1, kompyuta itakupa -4, halafu 16, halafu -64, na kuendelea kukua, ilhali jibu la kweli linakaribia sifuri mara moja. Programu haina kosa hata la nukta. Anayejua nadharia anajua kwamba hatua ilipaswa kuwa chini ya 0.04, asiyeijua ataipeleka ripoti ofisini. Kwa hiyo unapolinganisha vyuo usitazame jina la shahada, tazama orodha ya kozi: aljebra ya mstari, milinganyo ya mabadiliko, mbinu za kukokotoa kwa kompyuta, uwezekano, na angalau kozi moja nzito ya uthibitisho. Palipokosekana mbili kati ya hizo, mimi nisingeomba.

Ukimaliza, njia za kuendelea zipo. Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha inapokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na AIMS (African Institute for Mathematical Sciences), iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003 na ambayo ina kituo Kigali pia, hutoa ufadhili kwa wahitimu kutoka nchi za Afrika.

Muulizaji (Mwanza)

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Nimeikokotoa ile ya mbu, kisha nikajaribu 0.7, nikapata karibu 0.03. Mzee ameyasoma majibu yote na anauliza: nikiamua baadaye kufundisha, nitakuwa nimechelewa?

Mhadhiri wa hisabati (Dar es Salaam)

Mfikishie salamu zangu, umwambie hujachelewa. Baada ya shahada unaweza kusoma stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo imewekwa kwa ajili ya wahitimu wasiopitia mafunzo ya ualimu. Na hiyo 0.03 yako, jaribu sasa kuchukua siku 14 badala ya 10, uone badiliko lipi kati ya hayo mawili lina nguvu zaidi.