Viatu vya kupimwa mguu na kushonwa kwa mkono: ninalipia nini hasa?

NyayoMbili
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa anayevaa au anayeshona viatu vya kupimwa.

Miaka 11 iliyopita nilivunjika kifundo cha mguu wa kushoto. Mfupa uliunga, ila mguu haukurudi ulivyokuwa. Wa kulia navaa 43, wa kushoto unaenea 41, na kwa pembeni pana nundu. Tangu hapo nikitaka viatu nanunua jozi mbili, navaa kimoja cha hii na kimoja cha ile. Vilivyobaki jana nimevihesabu kabatini: 18, vyote vipya.

Sasa nimepata fundi anayechonga kalibu, yaani mfano wa mguu wa mteja ambao kiatu kinashonwa juu yake. Bei yake ni kama jozi 10 za dukani, nusu natanguliza, kisha nasubiri miezi 6. Mke wangu ananiambia nisithubutu. Kuna thamani hapo?

Kisigino
Mkuu, mimi nilitoa pesa nikajuta. Nilipimwa mara moja tu, asubuhi, nimekaa kitini. Vilipokuja kila mtu alivisifu, lakini ikifika saa tisa alasiri kidole cha mwisho kinawaka moto. Nikavirudisha, naambiwa ngozi itatanuka. Huu mwaka wa 3, haijatanuka. Uliza kwanza: visiponienea, utarekebisha?

Msharasi
Ndugu Kisigino, pole sana. Nashona viatu mwaka wa 22 huu na maneno yako yameniuma, maana kosa lilikuwa kwenye kipimo. Mguu hupimwa mteja akiwa amesimama, kwa sababu uzito wa mwili unaurefusha na kuupanua. Hupimwa yote miwili, na ni vizuri iwe jioni ukiwa umeshavimba kidogo.

NyayoMbili, sehemu kubwa ya pesa yako inaingia kwenye kitu ambacho hutakivaa, nacho ni kalibu. Ni mguu wako uliochongwa kwa mti mgumu. Kwa mtu kama wewe ningechonga kushoto na kulia kila kimoja kwa vipimo vyake, halafu penye nundu nabandika vipande vya ngozi kidogo kidogo mpaka umbo likae. Kisha nashona kiatu cha majaribio kwa ngozi rahisi. Ukishatembea nacho nakipasua kwa kisu palepale, nione vidole vimelala wapi. Kalibu inasahihishwa, inatunzwa, na jozi ya pili inaanzia hapo. Fundi asiyekuwa na kiatu cha majaribio, kwa mguu wako huo, mimi nisingemwamini.

Baada ya hapo ndipo inakuja kazi ya mkono. Soli ya ndani ni ngozi nene ya kama milimita 5. Naichonga ukingo kwa chini, natoboa kwa msharasi uliopinda (chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi), kisha ncha mbili za uzi wa kitani uliopakwa nta zinapita tundu moja, moja kutoka huku, nyingine kutoka kule. Navuta mpaka uzi unalia. Tundu moja baada ya jingine, kiatu kizima, ngozi ya juu na mkanda wa pembeni vishikane na soli ya ndani yenyewe. Jozi moja inanila zaidi ya saa 40, bila kuhesabu siku ambazo ngozi inakaukia kwenye kalibu.

Mashine ya Goodyear, iliyotoka Marekani miaka ya 1870, inaifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Kwa kawaida shono lake linashika utepe uliogundishwa chini ya soli ya ndani, na gundi ikichoka utepe unaachia. Siidharau hata kidogo. Viatu vya Northampton, Uingereza, vingi vinashonwa hivyo, na vinabadilishwa soli mara kadhaa vikaendelea kuvaliwa. Mwenye miguu inayoenea saizi za dukani namshauri anunue hivyo. Wewe hakuna saizi moja inayoenea miguu yako yote miwili.

Mvaaji2014
Vyangu nimevivaa tangu 2014, soli nimebadilisha mara 3, ngozi ya juu ni ileile. Siri ni moja: usivivae siku mbili mfululizo. Ukivua viwekee kalibu za mbao ndani, vilale usiku na mchana wake vikauke jasho.

NyayoMbili
Asanteni sana wakuu. Nimempigia fundi. Kiatu cha majaribio kipo, marekebisho yamo ndani ya bei, na kupima ni jioni. Ameniambia niende na viatu vyangu vikuukuu aangalie soli zilivyolika. Nimevitoa sasa hivi: cha kushoto kimeliwa upande wa nje mpaka msumari unaonekana, cha kulia kimelika sawasawa. Miaka yote hiyo sikuwahi kuvigeuza nikaviangalia.

Naenda Jumatano. Mke wangu amesema atanisindikiza, akaione hiyo kalibu kwa macho yake.