Mpokeaji wa chuo kwenda NFL: saa, takwimu au video? Jefferson na Reagor, 2020

MzeeWaYadi
Wakuu, heshima kwenu. Mada ni mpira wa Marekani: tuweke mezani njia tatu za kumpima mpokeaji (mdakaji wa pasi) kabla ya drafti, yaani zamu za timu za NFL, ligi ya kulipwa, kuchagua wachezaji wa vyuo: saa ya kombaini ya Indianapolis (majaribio ya mbio na kuruka), takwimu za chuo, na video. Tutumie kesi moja ili tusipige porojo. Drafti ya 2020, timu ya Eagles zamu ya 21 wakamchukua Jalen Reagor wa chuo cha TCU. Zamu ya 22 timu ya Vikings wakamchukua Justin Jefferson wa chuo cha LSU. Msimu wa kwanza Jefferson alidaka pasi 88 kwa yadi 1,400, Reagor 31 kwa yadi 396. Ipi kati ya hizo tatu ingekuonya mapema?

SaaMkononi
Saa isingekuonya, nakiri wazi ingawa ndiyo ninayoitetea. Mbio za yadi 40: Jefferson sekunde 4.43, Reagor 4.47. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuamua chochote. Kuruka juu: Reagor inchi 42, Jefferson 37.5. Ukisoma karatasi hiyo peke yake unamchukua Reagor na unalala usingizi.

Saa ni chujio tu. Isome pamoja na uzito, na pamoja na zoezi la koni tatu (kukimbia ukizunguka koni, kupima wepesi wa kugeuka). Mpokeaji DK Metcalf mwaka 2019 alikimbia 4.33 akiwa na pauni 228, jambo la kutisha, lakini koni tatu alichukua 7.38. Maana yake mpe njia (mikimbio anayopangiwa) za kunyooka na za mkato mmoja, usimtume kwenye njia za kugeuka ghafla kwa yadi 8. Seahawks walimpata zamu ya 64 wakamtumia hivyo hivyo. Kinyume chake John Ross, 4.22 mwaka 2017, Bengals wakamchukua wa 9, na msimu wa kwanza hakudaka hata pasi moja. Cooper Kupp mwaka huohuo alikimbia 4.62 na akasubiri hadi zamu ya 69.

Hesabu_Kwanza
Watu wengi wanafikiri takwimu zilikuwa zinapiga kelele. Hapana. Msimu wa 2019 Jefferson alikuwa na pasi 111, yadi 1,540, tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho) 18. Reagor 43, yadi 611, tachidauni 5. Mbali mno, sivyo? Sasa gawa kwa yadi za timu. Joe Burrow, kwotabeki (mrushaji wa pasi) wa LSU, peke yake alirusha yadi 5,671, kwa hiyo fungu la Jefferson haliwezi kuzidi asilimia 27.2. TCU walikuwa na Max Duggan, mwaka wa kwanza chuoni, yadi 2,077. Ukigawa kwa hizo peke yake Reagor anafika 29, na kwa kuwa kuna kwotabeki mwingine aliyerusha, fungu lake halisi linashuka. Kimsingi wako sawa.

Umri nao haukutofautisha: wote wamezaliwa 1999, na 2018 Reagor alikuwa na yadi 1,061 dhidi ya 875 za Jefferson. Yadi kwa kila pasi aliyodaka 2019: 14.2 kwa 13.9.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni yadi kwa kila njia aliyokimbia. Njia 350, yadi 1,000, unapata 2.86. Usigawe kwa mechi, kwa sababu timu inayokimbia na mpira sana badala ya kurusha inamnyima mpokeaji nafasi bila kosa lake. Kwa msimu wa mwisho chuoni, chini ya 2.0 mimi namtilia shaka, juu ya 3.0 naanza kumfuatilia. Lakini kwanza toa pasi za skrini (pasi fupi ambazo wenzake humzuilia wapinzani mbele). Yadi zake ni za wazuiaji wa mbele, si zake.

Beki_Pembeni
Mkuu hapo umenena, na ndiyo maana inabaki video. Siyo zile dakika tatu za mtandaoni zenye muziki. Tafuta kamera ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22. Mechi nne zinatosha, mbili kati yake ziwe dhidi ya mabeki bora aliokutana nao. Kila njia iandikie mstari mmoja: amesimama wapi, ulinzi ni wa kanda au mtu kwa mtu, beki amembana mstarini (pale mchezo unapoanzia) au amekaa yadi 7, ametokaje yadi 5 za mwanzo, ameachana na beki kiasi gani mpira unapofika. Andika hata njia ambazo hakurushiwa. Hapo ndipo wengi wanafeli, wanafuata mpira badala ya mtu.

Mikono: gawa alizodondosha kwa jumla ya alizodaka na alizodondosha. Pasi 60 na 8 chini ni asilimia 11.8, na ikizidi 10 angalia sababu. Anayedondosha kwa kugeuza kichwa kukimbia kabla ya kushika anarekebishika. Anayepokea kwa kifua kila mara, mpira ukigonga pedi na kuruka, huyo ni kazi ngumu. Reagor alikuwa na tatizo hilo la mikono, na kwenye pasi za kugombania hakuwa anashinda inavyotakiwa.

Kijana_wa_Sloti
Naomba kutofautiana kidogo. Jefferson naye alikuwa na doa. Mwaka 2019 karibu kila njia aliianzia sloti, nafasi ya ndani, ambako beki hambani mstarini. Pasi 14, yadi 227 na tachidauni 4 dhidi ya Oklahoma kwenye nusu fainali zilikuwa na nafasi ya bure tele. Ungejuaje kwamba ataweza pembeni?

Beki_Pembeni
Rudi nyuma msimu mmoja. Mwaka 2018, kabla kocha Joe Brady hajaja na mfumo wake, alicheza zaidi pembeni na ndiye aliyeongoza LSU kwa yadi. Video ilikuwepo. Kosa la wengi ni kutazama msimu wa mwisho tu.

MzeeWaYadi
Mnaonaje tofauti za sheria? Ili pasi ihesabike, chuoni mguu mmoja ndani ya uwanja unatosha, NFL lazima miwili.

Hesabu_Kwanza
Hiyo ipime moja kwa moja: kila pasi ya ukingoni, hesabu kama mguu wa pili ungeingia. Anayeburuta vidole vya mguu wa pili hata pasipo lazima ameshajifunza. Kubwa zaidi ni alama za katikati ya uwanja, ambazo mpira huwekwa juu yake au kati yake kila mchezo unapoanza. Chuoni safu zake mbili ziko futi 40 kati yao, NFL futi 18 na inchi 6. Kwa hiyo chuoni kuna upande mpana sana, na mpokeaji anayewekwa huko kila mara anaogelea kwenye nafasi ambayo NFL haipo. Weka safu ya "upande mpana au mwembamba" kwenye jedwali lako.

SaaMkononi
Na usisahau timu inatafuta nini. Eagles 2019 wapokeaji wao waliumia, walitaka mbio za kurefusha uwanja. Ukinunua kwa pengo la leo, unakadiria sifa moja kupita kiasi. Agosti 2022 walimpeleka Reagor Minnesota, kwa haohao Vikings.

Kijana_wa_Sloti
Swali la mwisho: skrini nazitoa kwenye yadi tu, au kwenye idadi ya njia pia?

Hesabu_Kwanza
Zote mbili, mkuu. Ukizitoa kwenye yadi ukaziacha kwenye njia, unampunja.