Begi la Shimo la Mungu

*Kikundi: Ukoo Wetu, Newala na Mtwara Mjini*

Zuhura: Shikamooni wote. Begi la mradi wangu wa chuo ndilo hili 📷 Jumamosi tunashuka nalo Shimo la Mungu, kule bondeni Newala, halafu tunapandisha.

Mama Mdogo Shangani: Marahaba mwanangu. Mashallah! Hilo si turubai la lori?

Zuhura: Ndilo, mama mdogo. Vipande vilivyobaki kwa fundi. Mikanda ni ya gari, ile ya kufunga abiria, nimeipata gereji. Hata ikilowa hailegei.

Mjomba Newala: Hongera sana. Ila huo mkanda wa kiunoni mpana hivyo wa nini? Begi hubebwa mabegani. Bora ungeongeza mifuko.

Zuhura: Mjomba, kazi yote iko kwenye huo mkanda. Mabega yakiachiwa mzigo peke yao, shingo inakaza, na kwenye mteremko mkali kama huo wa kwenu begi linakuyumbisha. Mkanda ukikaa juu ya mifupa ya nyonga, sehemu kubwa ya uzito inakwenda miguuni. Dick Kelty wa California alianza biashara ya mabegi ya namna hii mwaka 1952. Yeye anaunda fremu za alumini, mkewe Nena anashona, palepale nyumbani kwao.

Mjomba Newala: Bibi yenu yuko hapa, anataka kusema. Naandika anavyotamka.

Mjomba Newala: "Mwacheni mtoto. Sisi tukifuata maji bondeni tulipandisha ndoo juu ya ngata, shingo wima, uzito unapita kwenye uti wa mgongo mpaka nyayoni. Ukijipinda tu, maji yamemwagika na kiuno umeumia."

Zuhura: Bibi ❤️❤️ Ndivyo hasa! Ndiyo maana maji na vyakula navipanga vigusane na mgongo, nguo zinakaa chini.

Mama Mdogo Shangani: Ndani ya mkanda umetia sponji ya godoro? Itanuka jasho.

Zuhura: Sponji nimeikataa kwa sababu hiyohiyo. Humo mna soli za kandambili kuukuu, nimezisugua kwa sabuni nikazikata. Hazinyonyi maji. Na tazama pale mkanda unapoungana na begi: mshono wa mraba, ndani yake msalaba, sindano namba 18, uzi wa nailoni. Mabegi mengi huanza kung'oka hapo.

Mjomba Newala: Sasa nimekuelewa. Na mimi nishonee, niwe naendea shamba.

Zuhura: Nitumie kipimo cha mgongo, mjomba. Urefu wako wote hausaidii, watu wawili wa kimo kimoja huweza kupishana mgongo. Inamisha kichwa, utagusa mfupa unaotokeza chini ya shingo. Anzia hapo, shuka hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Tumia futi ya fundi, na apime mtu mwingine.

Mjomba Newala: Mkwe wako amepima. Sentimita 49.

Zuhura: Amefuata mkunjo wa mgongo au amevuta futi hewani?

Mjomba Newala: Ngoja arudie.

Mjomba Newala: 51.

Zuhura: Nakata ya 51.