Kisa cha kikao kimoja: alama kwa kuua, kwa dhahabu, au levo kisa kikiisha?

Kete20
Wakuu, naandaa kisa kifupi cha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika), kanuni za 2014. Wachezaji wanne, wote levo ya 1. Pangoni kuna goblini (vijitu viovu) wanne mlangoni, mtego katikati, na mwisho mlozi anayelinda sanduku. Alama za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika levo, niwape kwa maadui waliouawa, kwa dhahabu watakayotoka nayo, au niwapandishe levo wote mwishoni? Na hao goblini si wepesi mno?

MtunzaPango
Wepesi? Piga hesabu. Goblini mmoja ana alama 50, wanne 200. Maadui wakiwa 3 hadi 6, unapopima ugumu unazidisha kwa 2: 400. Kwa mhusika wa levo ya 1, pambano la mauti linaanzia 100, na wako wanne, yaani 400. Umewawekea pambano la mauti mlangoni!

Kinachoua ni zamu. Goblini wanne wanashambulia mara nne kila raundi, na mhusika mchawi wa levo ya 1 mishale miwili inatosha kumlaza. Adui mmoja mkubwa anatisha kwa sura tu; akishapiga, wachezaji wanne wanamshukia.

Halafu kuna uonevu: kule kuzidisha hakuingii kwenye malipo. Wamepigana vita vya 400, wanagawana 200, kila mmoja 50. Levo ya 2 inataka 300. Kwa kikao kimoja, sahau alama za kuua.

BintiRamani
Mimi ni wa dhahabu. Katika kanuni za msingi za mchezo huu za 1981 sarafu moja ya dhahabu ni alama moja, goblini ni alama 5 tu. Nani atahatarisha roho kwa 5? Watu wananyata, wanahonga, wanadanganya, na hapo ndipo mchezo unanoga.

Ila usiihamishe kichwa kichwa. Ili wanne wako wapande levo utahitaji sarafu 1,200, na deraya kamili ya bamba ni 1,500. Kisa kimoja tu, na tayari wanakaribia kununua deraya bora kuliko zote dukani.

Mpiga_Zumari
Levo mwishoni ni rahisi, ila kama hamtacheza tena, ni zawadi ya nani? Weka zawadi pale wanapoweza kuitumia. Nyuma ya mtego ficha chupa ya dawa ya kuponya: inarudisha uhai wa kete mbili za pande nne, jumlisha 2. Kwa levo ya 1 hiyo ni karibu uhai mzima wa mchawi. Anayethubutu mtego anaingia kwa mlozi na nafasi ya pili, anayeuzunguka anaikosa. Sarafu mwachie BintiRamani 😄

Kete20
Basi goblini wawili mlangoni. 100 mara 1.5 ni 150, pambano jepesi. Wengine wawili waje baragumu likipulizwa. Chupa nimeichukua. Je, wakiwahonga goblini wapite?

MtunzaPango
Wahesabie kama wameshinda, bila kupunguza hata alama moja. Mlozi ndiye ananitia wasiwasi, usimwache peke yake. Mpe mifupa miwili inayotembea.

BintiRamani
Na mlango wa nyuma. Mambo yakimwendea vibaya, akimbie na sanduku.